Somo, naliomba lile daftari la 1995

Somo wangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi wazima, alhamdulillahi. Bi Mkubwa goti bado linamsumbua lakini chai yake ya alfajiri haikosi. Najua nina deni la barua zako mbili, nisamehe. Leo nina shida.

Huyu kitindamimba wangu kapewa kazi skuli: aandike maisha ya Maalim Seif Sharif Hamad, yule kiongozi wa upinzani Zanzibar, na jedwali la kila uchaguzi aliogombea urais wa Zanzibar. Jana baada ya Isha akaniuliza, "Mama, aligombea mara sita au mara saba?" Somo, sijalala vizuri tangu hapo.

Kwanza nilimkataza kuanzia 1995. Ukianzia hapo, mtu huyu anaonekana kazaliwa akishindwa. Nikamwambia aandike kuwa alisomesha, ndiyo maana ya hiyo Maalim, akawa Waziri Kiongozi 1984 mpaka 1988, akafukuzwa CCM, akawekwa ndani 1989 hadi 1991. Ndipo kije chama chake cha upinzani, CUF, ndipo zije kura.

Mstari wa kwanza tukaujaza pamoja. Dk. Salmin Amour wa CCM kura 165,271, Maalim 163,706. Mtoto akatoa, akapata 1,565. Akanitazama: "Hizi tu?" Hizi tu, mwanangu. Asilimia 50.2 kwa 49.8, na Pemba majimbo yote 21 yamekwenda CUF. Nikakukumbuka wewe, wakala, umekaa kituoni tangu hakujapambazuka na daftari lako mapajani, hutaki hata maji usije ukapitwa na kura moja.

2000 nimeipita mbio. Theluthi moja ya kura kwa theluthi mbili za Amani Karume, basi. Januari 27 iliyofuata, siku waandamanaji walipopigwa risasi, nimemwambia akamuulize mjomba wake wa Wete, mimi sauti hainitoki. 2005 Maalim akapata asilimia 46. 2010 ikawa tena roho mkononi: Dk. Shein wa CCM alimzidi kwa kura 3,471. Lakini safari hii aliyakubali matokeo, maana yeye na Karume walikwishakaa pamoja kupatana Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010, ya kuunda serikali ya umoja wa kitaifa, ilikwishapita kwa theluthi mbili. Akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Nakumbuka ulilia kwenye simu, nami nikalia sijui nalilia nini.

Sasa shida yenyewe. Oktoba 25, 2015 tumepiga kura. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kuwa uchaguzi wote umefutwa. Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF wakasusia, lakini jina la Maalim likabaki kwenye karatasi, akahesabiwa kura 6,076. Hazifiki hata asilimia mbili! Shein akapata 91. Mwalimu wa kijana anasema 2015 iachwe, kwa kuwa kilichofutwa hakina matokeo, na 2016 iandikwe kama uchaguzi mwengine wowote aliogombea.

Hapo nimekataa, somo. Ile siku tuliyosimama foleni juani tangu asubuhi iwe haikuwapo, halafu ile aliyosema hashiriki ndiyo ahesabiwe kashindwa vibaya kuliko zote? Mimi nataka mistari yote miwili. Wa 2015 uandikwe "umefutwa", wa 2016 uandikwe "alisusia", na anayesoma aelewe mwenyewe. Mjomba naye anasema namtia mtoto kwenye siasa. Kuhesabu ni siasa?

2020 haina ubishi wa hesabu. Alikwishashusha tanga na kupandisha jengine, kahamia chama cha ACT-Wazalendo, akapata asilimia 19.87 kwa 76.27 za Dk. Hussein Mwinyi. Disemba akaapishwa tena Makamu wa Kwanza, na Februari 17, 2021 akatutoka pale Muhimbili. Kijana aliuliza kwa nini alikubali kuingia tena serikalini. Nilianza kumjibu, nikasema… hapana, hilo tutaongea ukija, lina urefu wake.

Ninachokuomba ni lile daftari. Usilitie kwenye boti kwa mkono wa mtu, naogopa maji. Nipigie picha kurasa za kituo chako tu, nataka mtoto aone kura zikiandikwa kwa mkono, moja moja, vijiti vitano vitano. Majina ya watu yafunike.

Unalo bado, au lilikwenda na lile sanduku la Chake? Na 2015 ulikuwa wakala tena, au nachanganya? Wewe ungehesabu ngapi, sita au saba? Mguu wa Baba umepona? Na yule mwari wetu kashaolewa, au bado wanavutana na mahari? Kazi inatakiwa Jumatatu, somo, usininyamazie.

Wako,
Somo wako