Mpira uliopotelea kwenye mabua

Iringa, Julai

Rafiki yangu Tumaini,

Kamwene! Huku tu wazima, ila baridi ya Julai haina huruma. Uliuliza mbona Jumapili sikupokea simu yako. Nilikuwa uwanjani, na kabla hujaniuliza Mbeya City walicheza na nani: nilikwenda kutazama kriketi.

Cheka umalize, nitakusubiri.

Binamu yangu amejiunga na timu moja ya hapa mjini, mchanganyiko wa walimu, wenye maduka na kijana mmoja wa bodaboda. Walikuwa wanacheza na wanafunzi, ova 20 kwa kila timu, ova moja ni kumrushia mpigaji mpira mara sita. Uwanja wenyewe ni wa shule, nyasi zimekauka, na ilibidi kwanza ng'ombe waswagwe watoke. Katikati kuna ukanda wa saruji unaotandikwa mkeka mnene wa makumbi, kisha kingo zinapigiliwa misumari. Usipokazwa vizuri, mpira ukidunda hujui utakwenda wapi, na ule si mpira wa kukupata kwenye goti.

Kilichonifurahisha mapema ni kelele. Mpira ukimgonga mpigaji mguuni mbele ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda, timu nzima inamgeukia mwamuzi na kupiga ukelele. Nikadhani ni utovu wa adabu kama wa wachezaji wetu wa soka. Kumbe ndiyo sheria: mwamuzi hamtoi mtu mpaka aulizwe! Usipouliza, mwenzio anaendelea kupiga hata kama alishatoka. Ukiuliza, ama anainua kidole, yaani mpigaji ametoka, ama anatazama pembeni kama hajakusikia.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Wanafunzi walikuwa wanafukuzia mikimbio 112, ndizo pointi za mchezo huu. Kijana wao mmoja mwembamba, wa mkono wa kushoto, akaupiga mpira ukavuka kamba ya mpaka wa uwanja bila kugusa chini. Hiyo ni mikimbio sita. Huku juu tuko zaidi ya mita 1,500, hewa nyepesi, mpira unakwenda. Ukatua kwenye shamba la jirani, mahindi yameshavunwa, mabua yamebaki yamesimama. Wachezaji wakaingia kutafuta, watazamaji tukaingia, hata mama wa chai akaacha birika. Haukuonekana.

Ndipo ubishi ukaanza. Nahodha wa binamu yangu akatoa mpira mpya unaong'aa. Wanafunzi wakakataa katakata: mpira mpya unapinda hewani na unakuja kasi, nao walishauzoea ule uliochoka. Na haki ilikuwa yao, maana mpira ukipotea sheria inataka uletwe mwingine uliochakaa kwa kiasi kilekile. Waamuzi wakamwaga begi zima chini, wakawa wanaokota mipira na kuipapasa kama wanachagua parachichi sokoni. Mmoja umefumuka uzi. Mwingine mbwa alishautafuna. Walipopata wa kufanana nao, watoto wakatoka shambani na ule wa kwanza, wanadai maandazi! Mwamuzi akasema uliobadilishwa umebadilishwa. Maandazi wakapewa hata hivyo.

Wakati wa ubishi huo nilikaa na mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu. Aliniambia mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza, ikafungwa mechi zote tatu. Alilisimulia kwa fahari tupu. Vijana waliokuwa nyuma yetu wakamjibu kwamba timu yetu ya chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la vijana la 2026, lile la Zimbabwe na Namibia, kwa mara ya kwanza. Mzee akauliza kama wanajua kuzuia mpira, au wanajua kupiga tu. Hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu, Tumaini: una nafasi ya maneno. Kwenye soka ukigeuka kuomba njugu umekosa bao.

Ova ya mwisho wanafunzi walihitaji mikimbio tisa, wakapata sita. Aliyerusha ni yule wa bodaboda, na alipomaliza tu akawasha pikipiki, abiria wake alikuwa anasubiri getini.

Watarudiana mwezi ujao. Panda basi la Jumamosi, utalala kwetu, na uje na koti zito, si hicho kijaketi chako. Mama anakusalimu, anauliza mchele wa Kyela aliokuagiza umefikia wapi.

Wako,
Lulu