Taa ya oili ikiwaka umekwishachelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwaambie madereva wenzangu juu ya mazoea yaliyoniharibia injini moja, na ambayo nayaona kwa wengi: kudhani kwamba gari lisipowasha taa yoyote kwenye dashibodi, basi halidai chochote.

Ile taa nyekundu yenye umbo la birika, katika magari mengi, haipimi kiasi cha oili kilichomo bali shinikizo lake. Kwa hiyo oili inaweza kupungua siku baada ya siku, kwa kuvuja au kwa kuungua ndani ya injini, na taa isiwake mpaka pampu ianze kuvuta hewa. Hapo vyuma vinasagana bila kilainishi, na mwendo wa dakika chache wa kutaka kufika tu kwa fundi unatosha kuinokisha injini. Ndivyo nilivyofanya mimi. Taa iliwaka, nikaichukulia kuwa onyo la mapema, nikaendelea na safari, wakati lililonipasa lilikuwa kusimama palepale na kuzima injini.

Kujikinga na hasara hiyo hakuhitaji fundi. Mara moja kwa wiki, na kabla ya kila safari ndefu, egesha gari mahali tambarare, zima injini na usubiri dakika tano hadi kumi ili oili iteremke, isipokuwa kama kitabu cha gari kinaelekeza vingine. Kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho na ukichomoe tena. Oili inapaswa kuishia kati ya alama mbili. Ikiwa imepungua, ongeza kidogo kidogo ile ya aina iliyotajwa kitabuni, wala usipite alama ya juu, kwani oili iliyozidi huweza kupigwapigwa na krenkishafti, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, hadi ifanye povu, na povu halilainishi chuma.

Yako pia mambo ambayo kwa kawaida hayawashi taa yoyote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri unyevu unavyoongezeka ndivyo yanavyochemka upesi: yale ya daraja liitwalo DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Yakichemka katika mteremko mrefu, mvuke hujaa kwenye mabomba, na kanyagio huzama bila gari kushika breki. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kopo lake bado limejaa.

Matairi nayo hupimwa upepo asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kibandiko ambacho mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na huweza kupasuka likiwa katika mwendo wa kasi. Kuhusu rejeta nitasema moja tu: mfuniko wake usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji ya ndani yako chini ya shinikizo na yatakurukia usoni.

Mwisho nina ombi kwa mafundi. Mteja anapoleta gari kwa servisi, mwiteni kwenye boneti mumwonyeshe kijiti cha oili kilipo na namna ya kukisoma, kwani nimekutana na madereva wa miaka mingi ambao hawajawahi kukishika.

Wako,
Dereva na msomaji wa siku nyingi