Risala ya kikundi cha bustani ya mimea kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, viongozi, wazee wetu na majirani wote mliofika,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika bustani yetu. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko, na zaidi kwa kukubali kuizunguka yote kabla ya kuketi. Mengi umeshajionea, kwa hiyo hatutakuchosha.

Mgeni rasmi,
Kikundi hiki kilianza baada ya kuona mbegu za asili zikipotea kimyakimya: msimu huu familia haikupanda, msimu ujao panya wamemaliza akiba, unaofuata hata kwa jirani hazipo. Tukaanza kukusanya. Kila mbegu inayoletwa huandikwa jina lake, ilikotoka na matumizi yake. Kwa mimea ya dawa tunaandika jina na sehemu inayotumika, basi. Kipimo hatuandiki, maana kibao cha bustani si cheti cha daktari.

Nafaka na mikunde hazitusumbui sana. Tunazianika kivulini, kisha tunatia chache kwenye chupa pamoja na chumvi kavu na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado zina maji mengi, zinarudi kuanikwa. Tunahangaika hivyo kwa sababu kila asilimia 1 ya unyevu inayopungua, umri wa mbegu hukaribia kuwa maradufu. Maboga ndiyo watundu. Nyuki hawajui mipaka ya vitalu, hivyo jioni akina mama hufunga kwa uzi maua ya dume na ya jike yatakayochanua kesho yake. Asubuhi huyafungua, hupaka chavua kwa mkono, na kulifunga tena lile la jike. Asiyefanya hivyo asishangae akivuna boga lisilojulikana baba yake.

Mgeni rasmi,
Kilio chetu hasa ni miti. Mbegu ya embe, parachichi, fenesi au kakao ukiikausha umeiua. Hata ile hifadhi kubwa ya Svalbard nchini Norwe, iliyofunguliwa mwaka 2008 na inayotunza mbegu katika nyuzi 18 chini ya sifuri, haiwezi kukutunzia kokwa la embe. Miti hiyo huhifadhiwa ikiwa hai, imesimama ardhini. Mbegu za makopo tukifukuzwa leo tunazibeba kichwani, mfenesi hatuubebi.

Na ardhi hii tunaikalia kwa ahadi ya mdomo. Aliyetupa ni mkarimu na hatuna ugomvi naye, ila warithi wake hatujaongea nao, na mti unaopandwa leo utaanza kuzaa baada ya miaka kadhaa. Ndiyo maana ombi letu la kwanza ni utusaidie kupata mkataba wa maandishi utakaolinda eneo hili kwa muda mrefu. Tangi la maji na uzio tunavihitaji pia, lakini tukilazimika kuchagua, tupe karatasi kwanza. Tangi tutachangishana.

Kabla hujaondoka, tunakuomba utupandie mche wa mfenesi ulio mbele yako. Shimo limeshachimbwa na samadi imo. Mwenye eneo pia yupo hapa, atakushikia mche.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanakikundi wa bustani ya mimea.