Chemchemi yako ya mezani inapoteza maji? Usikimbilie kuilaumu pampu

"Inavuja." Mazungumzo mengi hapa karakanani huanza na neno hilo. Mtu amefinyanga chemchemi ya mezani kwa mikono yake, akaipaka gilezi (mpako unaogeuka kioo tanurini), ikachomwa, akatia pampu, na jioni ya kwanza nyumba nzima ikakaa kimya kuisikiliza. Kulipokucha, maji yamepungua vidole viwili na pampu inakoroma kama mtu mwenye mafua.

Kabla hujatuletea, zima pampu na uichomoe kwenye umeme. Jaza bakuli hadi pale unapojaza siku zote, lifute nje likauke kabisa, uliweke juu ya gazeti. Kando yake weka beseni la plastiki lenye upana unaokaribiana nalo, na maji kimo kilekile. Tia alama kwa penseli, ukalale. Asubuhi gazeti likiwa kavu na maji yamepungua sawasawa kote kuwili, bakuli lako ni zima. Maji yamekwenda hewani tu, na pampu inapofanya kazi yatakwenda zaidi, maana yanayotiririka hukauka upesi kuliko yaliyotulia. Dawa yake ni kuongeza maji kila siku. Pampu ndogo hizi hupozwa na maji yanayoizunguka; ikibaki wazi hata usiku mmoja inaweza kuungua.

Kama meza hulowa pale tu pampu inapowashwa, maji yanaruka au yanatambaa. Yanayoruka ni rahisi kuyadhibiti: hapa kwetu kimo cha maporomoko hakizidi nusu ya upana wa bakuli, na mahali maji yanapoangukia tunaweka kokoto. Yanayotambaa ni wajanja. Mdomo wa chombo ukiwa mnene na wa mviringo, maji hung'ang'ania chini yake na kurudi nyuma yakifuata ukuta, jambo linalomkera kila mwenye birika baya. Mdomo ufinyangwe mwembamba, ukingo wake uwe mkali, uinamishwe kidogo. Waya wa pampu nao ni njia. Uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuifuata, ili tone linalousindikiza lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Sasa tuseme gazeti limelowa. Hapo tatizo ni bakuli lenyewe, na mara nyingi mteja hataki kusikia hivyo, kwa sababu alipaka gilezi ndani na nje. Ukweli ni kwamba gilezi haizuii maji peke yake. Ni utando wa kioo tu. Usipokubaliana na udongo ulio chini yake, hupasuka nyufa laini kama nywele, nyingine hazionekani mpaka upake wino. Kinachozuia maji ni udongo uliochomwa hadi ukashikamana. Udongo mwekundu uliochomwa kwa nyuzi 1000 hivi za Selsiasi hubaki na vitundu, na unaweza kunywa maji kiasi cha sehemu ya kumi ya uzito wake. Bakuli la kilo mbili linameza karibu glasi nzima, kisha linaanza kutoa jasho mezani. Mtungi wa maji ya kunywa hupoza kwa tabia hiyohiyo. Kwenye mtungi tunaisifu, kwenye chemchemi inaharibu mbao za meza.

Udongo wa moto mkali, unaochomwa kati ya nyuzi 1220 na 1280, hukaza mwili hata maji yakakosa pa kupita. Kwa bakuli la chini ndio tunaoupendekeza, ingawa gharama ya kuuchoma ni kubwa zaidi. Ukishamaliza kazi kwa udongo mwekundu, paka ndani rangi ya kuzuia maji inayotumika kwenye mabwawa ya samaki, tabaka mbili. Haipendezi sana, lakini kokoto zitaificha.

Kwa anayeanza leo: nunua pampu kwanza, ufinyange baadaye. Udongo hupungua kuanzia ulipo mbichi hadi unapotoka tanurini, na wa moto mkali hupungua kama asilimia 12. Plagi yenye upana wa sentimita 4 inahitaji tundu la sentimita 4.6 hivi kwenye udongo mbichi, na wengi hukumbuka jambo hili wakiwa wameshika plagi isiyopita. Afadhali zaidi, usitoboe chini ya usawa wa maji. Kata pengo ukingoni, waya upite juu.

Bakuli lililokwisha kutumika tunaweza kulichoma tena, ila likauke kwa wiki kadhaa. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakigeuka mvuke hupasua chombo vipandevipande, pamoja na vya jirani zake. Na tunaomba sana: lete mfuko wa udongo ulioutumia, au andika jina lake kwenye karatasi. Udongo wa moto mdogo ukiuingiza kwenye nyuzi 1250 huyeyuka ukaganda kwenye rafu ya tanuri, na hatuwezi tena kuubandua.