Shukrani kwa kaka wa Bugiri

Kaka uliyenikuta kando ya barabara pale Bugiri, Uganda, nikielekea Busia, asante sana. Kila nikikanyaga mafuta gari lilipiga "du!" kwa nyuma, nami nilishaamini difu, ile gia inayozungusha magurudumu ya nyuma, imekufa. Ulilala chini, ukaitikisa kwa mtaimbo, ukanionyesha: ni bushi tu, kile kishikizo cha mpira cha difu, mpira umechanika, difu inacheza. Ukamtuma kijana wa bodaboda mjini alete mpya. Mashine ya kukandamizia hukuwa nayo, ukatumia bolti ndefu, nati, washa nene (kile kibati cha duara chenye tundu) na kipande cha bomba, ukaivuta bushi taratibu hadi ikakaa. Ukaipaka maji ya sabuni, si grisi, maana grisi huozesha mpira. Muda wa saa tatu nzima juani! Pesa ukakataa, ukapokea chai tu. Gari limetulia, kaka. Mungu akuzidishie.