Si kila miayo ni usingizi

Kwa Mhariri,

Dada yangu mdogo ni fundi cherehani huku Kariobangi. Mwaka jana alianza kupiga miayo kama mtu aliyetoka kukesha matangani, ilhali usiku alikuwa akilala fofofo. Wateja walimtania. Mama alishuku mimba. Jirani wa kibanda cha pili alimshauri afungue dirisha, ati damu inakosa hewa. (Hata mimi nilifundishwa hivyo shuleni, ila Robert Provine na wenzake walilijaribu wazo hilo Marekani mwaka 1987: watu walivuta oksijeni tupu, na miayo haikupungua.)

Kliniki ya mtaani haikumuuliza hata swali moja la maana. Malaria na taifodi, wakamwambia, akaondoka na mfuko wa vidonge bila kudungwa hata kidole. Aliporudi, malaria na taifodi tena. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa jijini kila wingu huitwa malaria. Hili linaniudhi hadi leo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wengi wanaougua malaria hapa wameitoa safarini. Tena Shirika la Afya Duniani limesisitiza tangu mwaka 2010 kwamba mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Dada yangu hakuwa ametoka Nairobi tangu Krismasi.

Uchovu wake ulikuwa na tabia yake. Asubuhi yuko sawa. Akishawasha pasi ya makaa na kibanda kikashika joto, miguu inamwia mizito na miayo inafuatana. Akitoka nje kwenye upepo, anapata nafuu. Sisi tulidhani anakwepa kupiga pasi. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, mbele ya wateja. Kisha siku moja akaniita nimtungie uzi kwa sababu alikuwa anaona sindano mbili.

Sindano hizo ndizo zilizotufikisha kwa daktari wa neva. Baada ya picha za MRI na kipimo cha maji ya uti wa mgongo, tuliambiwa ni maltipo sklerosisi: kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva, na ujumbe wa ubongo unakwama njiani kama umeme kwenye waya uliochunika. Joto huzidisha dalili zake. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari Mjerumani, aliandika kwamba macho ya wagonjwa hawa hufifia wakichosha mwili, na mwili unaochoshwa hupata joto. Pasi ya makaa ilikuwa ikitupa ushahidi kila siku.

Nilimuuliza daktari kuhusu miayo. Alisema inaongozwa na shina la ubongo na sehemu iitwayo haipothalamasi, kwa hiyo inaweza kuzidi maeneo hayo yakiguswa, kwa mfano na kiharusi. Wenye kipandauso nao huweza kupiga miayo saa kadhaa kabla kichwa hakijaanza kugonga. Hata baadhi ya dawa za sonona huileta.

Sisemi abiria anayepiga miayo ndani ya matatu ya Rongai saa kumi na moja alfajiri ana ugonjwa wa neva. Huyo hajalala, basi. Na uchovu usioisha mara nyingi hutokana na upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo au kukatika pumzi usingizini kwa wanaokoroma. Ninachoomba ni mgonjwa aulizwe miayo yake inaandamana na nini. Je, ana ganzi? Anaona viwili viwili? Kope zinalegea kadiri siku inavyosonga? Kuuliza hakuhitaji mashine yoyote. Na uso ukipinda, ulimi ukiwa mzito au mkono mmoja ukilegea ghafla, asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Sisi tulio Nairobi hatuna hata kisingizio, maana madaktari wa neva nchini ni wachache na wengi wao wako jijini humu. Kikwazo ni kufikishwa kwao kabla ya mfuko wa tatu wa vidonge.

Dada yangu sasa yuko kwenye matibabu. Anashona asubuhi kungali na ubaridi, na kazi ya pasi huwa naifanya mimi jioni nikitoka kazini.

Msomaji wenu,
Kariobangi, Nairobi