Tarehe kwenye pakiti zinatuchanganya

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi wifi yangu katupa pakiti tatu za tambi eti zimeekspaya, nikaiokota moja kusoma nikakuta ni ile tarehe ya ubora tu, yaani baada ya hapo ladha inaweza kupungua, sio kwamba imekuwa sumu. Tambi kavu, mchele, sukari, vikikaa pakavu vinalika hata miezi kadhaa mbele. Lakini maziwa freshi, nyama, samaki, zikiandikwa mwisho wa matumizi na tarehe ikapita jamani msijaribu, na kunusa hakusaidii maana bakteria wengine hawana harufu kabisa.

Unga wa mahindi ndo unaniogopesha zaidi, huo hata tarehe haijafika ukipata unyevu tu unaota kuvu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, na hiyo ukisonga ugali haiishi.

Halafu kuna wenye maduka wanabandika stika mpya juu ya tarehe ya zamani, nimeiona kwa macho yangu mtaani kwetu, inauma sana. TBS, shirika letu la viwango, wawabane hao, na tarehe ziandikwe Kiswahili kwa herufi kubwa mama zetu wasome.

Msomaji, Mbagala